Ulikuwa Ukimwambia Nani?

Mwezi wa Aprili mwaka jana babu yangu alifariki dunia, na wazee wa ukoo wetu wakaniita nisimame kaburini kusema maneno machache kwa niaba ya wajukuu. Sababu waliyoitoa ilikuwa moja tu, kwamba mimi ndiye niliyesoma kuliko wenzangu. Tena habari ilikuwa imefika nyumbani kuwa mimi ni katibu wa Chama cha Majadiliano hapa shuleni. Nilikubali upesi. Kusema kweli, katikati ya msiba ule nilifurahi kidogo, na jambo hilo linaniaibisha mpaka leo.

Usiku ule nilikesha nikiandika. Niliandika kwanza kwa Kiingereza, kama tulivyozoea katika mijadala yetu, kisha nikageuza mstari kwa mstari katika lugha yetu ya nyumbani. Kesho yake nilisimama mbele ya watu nikaanza kwa kumwamkia Mheshimiwa Mwenyekiti, na pale kaburini hapakuwa na mwenyekiti. Nikamwita babu nguzo, mwamba, taa, na mti wenye kivuli, vyote katika sentensi moja. Nikataja wanafalsafa wawili wa Uyunani. Nilipomaliza, watu walipiga makofi machache ya adabu, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama tumekwisha.

Baada yangu alisimama mzee mmoja aliyefanya kazi pamoja na babu katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla shirika lile halijavunjika mwaka 1977. Hakuijua lugha yetu, kwa hiyo alisema kwa Kiswahili cha reli, kile kile ambacho babu alinifundisha mimi nilipokuwa mdogo. Alisema hivi: "Tulipokuwa tukibeba chuma cha reli mahali penye mteremko, huyu alishika upande wa chini. Kila siku. Hakungoja kuambiwa." Kisha akaketi. Kila mtu aliyepata kubeba kitu kizito pamoja na mwenzake anajua kwamba mtu wa chini ndiye anayelemewa. Wanaume walioshika majembe waliinamisha vichwa, na wanawake wakaanza kulia upya.

Jioni nyanya aliniita karibu naye. Hakunikaripia. Aliniambia, "Mjukuu wangu, umesema vizuri. Lakini ulikuwa ukimwambia nani?"

Sikuwa na jibu.

Nilirudi shuleni nikiwa na hasira, wala si kwa nyanya, bali kwa Chama cha Majadiliano. Niliona kama kwamba chama ndicho kilichonifundisha kusema na hewa. Basi nikataka kujua desturi hizi za katibu na mwenyekiti, za upande wa kuunga na upande wa kupinga, wenzetu wa zamani walizitumiaje na zilikuwa na faida gani. Nilianza kusoma nikitafuta mtu wa kumlaumu. Niliyoyaona ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Vyama vya namna hii vilikuwako Uingereza na Marekani, lakini niliyoyapata mengi ni ya Marekani. Katika vyuo vya huko, tangu karne ya kumi na nane na hasa katika karne ya kumi na tisa, wanafunzi walikuwa na vyama walivyoviita vyama vya fasihi. Katika chuo cha Yale kilikuwako chama kiitwacho Linonia tangu mwaka 1753. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, kilichofunguliwa mjini Chapel Hill mwaka 1795, wanafunzi walianzisha chama chao mwaka ule ule wa kwanza, na punde vikawa viwili: Dialectic na Philanthropic. Mara nyingi vyama vilikuwa viwili viwili hivi katika chuo kimoja, vikishindana kama timu mbili za mpira.

Sababu ya kuanzishwa kwake ni jambo lililonishangaza. Darasani wanafunzi wale walisoma zaidi Kilatini, Kiyunani na hesabu, na kazi yao kubwa ilikuwa kukariri mbele ya mwalimu yale aliyowapa kukariri. Mambo ya nchi yao na ya siku zao hayakuwa na nafasi kubwa katika masomo. Basi usiku, katika vyumba vyao wenyewe, walikutana kujadiliana kwa Kiingereza, lugha waliyozaliwa nayo. Waliuliza kama vita fulani ni vya haki, kama wanawake wapewe elimu sawa na wanaume, kama mbunge afuate amri ya waliomchagua au dhamiri yake. Swali lilichaguliwa mapema, wasemaji wakagawiwa pande, na mwisho neno likaamuliwa. Makosa ya lugha yalisahihishwa mbele ya wote. Aliyechelewa au kufanya fujo alitozwa faini. Kwa fedha zao walinunua vitabu, wakawa na maktaba zao wenyewe, na pengine maktaba hizo zilikuwa na faida kwa mwanafunzi kuliko ile ya chuo, kwa sababu zilikuwa na vitabu walivyotaka kuvisoma.

Hapo hasira yangu ikaanza kupungua. Wale vijana walianzisha vyama vyao kwa kuchoka kusema maneno yasiyokuwa na mtu wa kuyajibu. Ukikariri Kilatini mbele ya mwalimu, humwambii mtu neno lo lote. Ukisimama mbele ya mwenzako ambaye baada ya dakika chache atasimama kukupinga, huna budi kumfikiria yeye. Wengi walijifunza huko kazi ya maisha yao. James K. Polk, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 1845 hadi 1849, alikuwa mwanachama wa Dialectic alipokuwa kijana Chapel Hill.

Lakini vyama vile vilikuwa na aibu yake pia, nami nisipoitaja nitakuwa nimewapamba kama nilivyompamba babu. Katika majimbo ya kusini, vijana wale walijadili habari za uhuru katika majumba ambayo moto wake uliwashwa, na maji yake yaliletwa, na watu waliokuwa watumwa. Walijadili hata utumwa wenyewe. Aliyejua zaidi kuliko wote habari ya swali lile alikuwa akifagia nje ya mlango, wala hakuulizwa.

Mmoja wa watumwa wa sehemu zile alikuwa George Moses Horton, aliyezaliwa yapata mwaka 1798. Siku za Jumapili alikuwa akienda kwa miguu mpaka Chapel Hill kuuza matunda. Alikuwa amejifundisha kusoma, na mashairi aliyatunga kichwani, maana kuandika alikuwa hajajua. Wanafunzi walipogundua kuwa ana kipawa, walimtaka asimame awahutubie. Horton mwenyewe ameeleza katika habari za maisha yake kwamba mwanzoni aliona fahari, akasimama akamwaga maneno ya papo kwa papo kama msemaji mkubwa. Lakini baada ya muda mfupi alichukizwa na jambo lile, akajiona ni mjinga tu anayeonyeshwa hadharani. Akaziacha hotuba zake, akaanza kuwatungia wanafunzi mashairi ya kuwapelekea wachumba wao, kwa bei ya senti 25, 50 au 75. Kitabu chake cha kwanza, The Hope of Liberty, kilipigwa chapa mwaka 1829. Alitumaini kujikomboa kwa fedha zake, lakini hakufaulu. Alipata uhuru mwaka 1865 tu, majeshi ya Kaskazini yalipofika.

Nilipoyasoma hayo nilikifunga kitabu nikatoka nje. Horton alitambua upesi kwamba wale waliomzunguka hawakuwa wakimsikiliza, bali walikuwa wakimtazama. Mimi nilikuwa na watu waliotaka kweli kunisikiliza, na mimi ndiye niliyetaka kutazamwa.

Mtu wa pili ni Frederick Douglass. Yeye naye alizaliwa mtumwa, katika jimbo la Maryland, yapata mwaka 1818, wala hakupata kusomeshwa shuleni. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi mjini Baltimore, alitoa senti 50 alizozichuma mwenyewe akanunua kitabu cha hotuba kiitwacho The Columbian Orator, ambacho Caleb Bingham alikitoa mwaka 1797 kwa ajili ya wanafunzi. Horton naye alipata kuwa na kitabu hicho hicho. Ndani yake mna mazungumzo ya bwana na mtumwa wake: bwana anatoa hoja, mtumwa anazijibu moja moja, na mwisho bwana anamwacha huru. Baadaye Douglass alifanya kazi ya kukalafati meli, yaani kuziba nyufa za mbao zake, na akiwa bado mtumwa alikubaliwa kuingia katika chama cha majadiliano cha vijana weusi waliokuwa huru, kilichoitwa East Baltimore Mental Improvement Society. Hakikuwa chama cha chuo, maana milango ya vyuo ilikuwa imefungwa mbele yao, lakini kazi yake ilikuwa ile ile. Alitoroka utumwani mwaka 1838, na tangu mwaka 1841 akawa msemaji mashuhuri wa kupinga utumwa.

Basi mwaka 1854 vyama vya fasihi vya Western Reserve College, katika mji wa Hudson, jimbo la Ohio, vilimwalika kuhutubia katika sikukuu ya chuo. Ilikuwa desturi ya vyama vile kila mwaka kumwita mtu mkubwa, na watu hao walikuwa wasomi wa vyuo. Sasa walimwita mtu ambaye zamani sheria za jimbo lake zilimhesabu kuwa mali. Douglass aliliona jambo hili kuwa zito. Alijua kwamba akishindwa hatashindwa peke yake, kwa sababu wako watu wengi waliongoja kusema kuwa mtu mweusi hana akili ya kusimama mahali pale.

Alichagua swali kubwa kuliko yote. Mwaka ule ule wa 1854, Josiah Nott na George Gliddon walikuwa wametoa kitabu kikubwa cha kuonyesha kwamba mataifa ya watu hayana asili moja, wakifuata mambo ya Samuel Morton aliyepima mafuvu ya vichwa mjini Philadelphia. Douglass aliazimu kuwajibu kwa silaha yao wenyewe, yaani elimu. Alisoma vitabu mchana na usiku, akataka shauri kwa rafiki zake wasomi, akiwamo mkuu wa Chuo Kikuu cha Rochester. Tarehe 12 Julai alisimama Hudson akaisoma hotuba yake. Alisema mtu mweusi ni mtu, wanadamu wote ni wa asili moja, na Misri ya kale haiwezi kung'olewa katika Afrika ili kupendeza wenye watumwa.

Hotuba ile ilipigwa chapa, na mpaka leo inasomwa. Lakini sikilizeni aliyoyasema Douglass mwenyewe miaka mingi baadaye. Alikiri kwamba siku ile alipotewa. Alidhani kuwa mbele ya maprofesa hana budi kuonekana msomi, akaacha desturi yake ya kusema kwa uzoefu wake, akaandika kila neno na kutia madondoo ya wataalamu. Hotuba ikaanguka chini kama kitu kilichokufa. Baadaye, kwenye karamu, alisema maneno machache yasiyoandikwa, nayo yakashangiliwa sana.

Nilipofika hapo nilitaka kucheka kwa furaha. Kama Frederick Douglass aliangusha hotuba kwa kujionyesha msomi, mimi ni nani? Nikaona nimepata fundisho langu: tupa karatasi, sema ya moyoni. Nilikuwa tayari kwenda kwa mwalimu mlezi wa chama kumwambia tuache kuandika hotuba.

Lakini Douglass hakukoma hapo, nami sikuwa na haki ya kukoma kabla yake. Aliongeza kwamba kazi ile ya kusoma haikupotea. Ilikuwa hatua aliyohitaji kupita ili aweze kazi iliyokuwa mbele yake. Elimu ile iliyomwelemea siku ya Hudson ilimsaidia baadaye, ilipokwisha kuwa yake mwenyewe. Kosa lake halikuwa kusoma, na dawa yake haikuwa kubahatisha.

Ndipo nilipomfikiria tena yule mzee wa reli. Nilikuwa nimesema moyoni kwamba yeye hakuandaa neno, na ndiyo sababu alishinda. Sasa naona sivyo. Maneno yake yale machache alikuwa ameyaandaa tangu zamani, siku zile alipokuwa upande wa juu wa chuma akitazama kichwa cha rafiki yake kule chini. Miaka yote ile aliyahifadhi, na siku ilipofika aliyatoa, wala hakuyaongezea pambo. Tena alijua anamwambia nani. Alituambia sisi, wana na wajukuu, ambao hatukumwona babu katika kazi yake. Alituletea kitu tusichokuwa nacho. Mimi niliwaletea watu wanafalsafa wawili, na hakuna aliyekuwa amewapoteza.

Vyama vile vya Marekani vilififia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Vyuo vyenyewe vilianza kufundisha mambo mapya, michezo na vyama vingine vya wanafunzi vikapata nguvu, na maktaba zao zikaunganishwa na maktaba za vyuo. Dialectic na Philanthropic vipo hata leo, vikiwa vimeungana kuwa chama kimoja, lakini ule utawala wao wa zamani umekwisha. Sidhani ni kwa sababu kusema kumekwisha kazi. Kijana ye yote akitoka shuleni atawekwa mahali aseme: kwenye baraza, kanisani, mbele ya bwana aliyemdhulumu, au kaburini. Watu wa nyumbani hawatamwuliza kama amepata alama ngapi. Watamwambia tu, "Wewe uliyesoma, simama."

Kwa hiyo sikuacha Chama cha Majadiliano. Muhula huu tumefanya badiliko moja dogo. Msemaji wa upande wa pili, kabla hajatoa hoja yake, lazima aeleze hoja ya mwenzake kwa maneno machache mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mwanzo wengi walilalamika kuwa ni kupoteza wakati. Sasa ukumbi umekuwa kimya zaidi, kwa sababu mtu asiyesikiliza huaibika mbele ya wote. Mimi mwenyewe niliaibika mara mbili.

Limebaki jambo moja. Mwezi wa Desemba ukoo wetu utakutana tena kumkumbuka babu, na nyanya ameagiza kwamba nisimame mimi. Baba yangu mdogo alisema apewe mtu mwingine safari hii, lakini nyanya alikataa. Alisema, "Huyo ndiye mwenye deni."

Nimeanza kuandika. Ninaandika katika lugha ya nyumbani tangu mwanzo, na kwa juma zima nimepata jambo moja tu, nalo ni hili. Kila mwanzo wa muhula, babu na mimi tulikuwa tukibeba sanduku langu la bati mpaka kituo cha basi, yeye akishika mpini mmoja na mimi mwingine. Njiani kuna mteremko mrefu kabla ya kufika mtoni. Kila tulipofika pale juu, babu alikuwa akiliweka sanduku chini, akipangusa uso kama aliyechoka, kisha akizunguka kutangulia mbele. Nilidhani anataka kuiona njia. Miaka minne nilishika upande wa juu wala sikujua.